Muhuri wa serikali ya mtaa si hati ya nyumba

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu kila mara: ukinunua nyumba ya kupangisha Dar es Salaam, mwenyekiti wa mtaa akigonga muhuri kwenye mkataba, nyumba ni yako.

Si kweli. Muhuri ule ni ushahidi tu kwamba watu wawili waliuziana mbele ya mwenyekiti. Kama kiwanja kina hati, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka uhamisho usajiliwe. Bila hivyo, kwenye daftari la msajili wa hati mwenye nyumba ni yuleyule wa zamani, hata kama wewe ndiye unayepokea kodi.

Mkanganyiko unaeleweka. Maeneo mengi hayajapimwa, na huko karatasi ya mtaa mara nyingi ndiyo pekee iliyopo.

Kabla ya kulipa, chukua namba ya hati, omba upekuzi rasmi kwa msajili wa hati na uangalie jina la mmiliki na kama kuna rehani. Ikiwa ni nyumba ya wanandoa, dai ridhaa ya mwenza kwa maandishi. Halafu gonga milango ya wapangaji, bila dalali, uwaulize kodi ya miezi sita wanamlipa nani. Utashangaa majina utakayotajiwa.

Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.