Thamani ya ujenzi ikipanda, kazi imeongezeka?

Imani ya siku nyingi ni kwamba thamani ya ujenzi wa barabara, reli, mabomba na madaraja ikipanda robo hii ya mwaka, basi kazi ya ujenzi iliyofanyika imeongezeka. Si lazima. Tuseme imetoka bilioni 10 hadi 10.5, huku gharama za ujenzi zikipanda asilimia 6. Gawanya 10.5 kwa 1.06: unapata takriban 9.9. Kazi halisi imepungua. Kwa hiyo, kwenye jedwali la takwimu, tumia safu ya bei za mwaka wa kizio (yaani bei za mwaka mmoja uliochaguliwa kuwa wa kulinganishia), si ya bei za sasa.

Msimu nao hupotosha. Mvua husimamisha kazi za udongo, hivyo linganisha na robo kama hiyo ya mwaka uliopita, au tumia takwimu zilizoondolewa athari za msimu.

Kosa linalotusumbua zaidi liko kwenye mgawanyo wa sekta ya umma na sekta binafsi. Barabara ya serikali inayojengwa na kampuni binafsi ni ya umma ukigawa kwa mmiliki, lakini ni ya binafsi ukigawa kwa mjenzi. Soma maelezo ya jedwali kabla ya kudai kuwa sekta fulani imezorota. Upande wa binafsi, hasa migodi na gesi, mradi mmoja mkubwa ukikamilika unaweza kuangusha jumla nzima. Angalia robo nne au zaidi, pamoja na thamani ya kazi zilizoanza na zilizobaki.