Kibali cha Ujenzi Tanga: Yanayosemwa Mitaani na Yaliyo Kweli

Tanga inajengwa. Pita Kange, Pongwe, Masiwani au Mwakidila uone malundo ya mchanga, tofali zinazomwagiwa maji asubuhi na misingi inayochimbwa. Wengi wanaojenga si matajiri. Ni mwalimu anayenunua nondo mbili mbili kila mwisho wa mwezi, ni mama lishe aliyepata zamu yake ya upatu, ni kijana wa bandarini. Nyumba ndiyo akiba yao ya maisha, na inauma kuiona imeandikwa "simamisha ujenzi" kwa rangi nyekundu kwa sababu tu mwenyewe alisikiliza maneno ya kijiweni kuhusu kibali cha ujenzi. Maneno hayo ni mengi, na mengine yanasemwa na watu wazima wenye heshima zao, kwa nia njema kabisa.

"Kiwanja changu, hati ninayo. Kibali cha nini tena?"

Hili ndilo linalowaponza wengi. Hati inaeleza nani ana haki ya kutumia ardhi. Kibali kinaeleza jengo gani litasimama juu ya ardhi hiyo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Unachopewa ni haki ya kuitumia kwa muda, kama miaka 33, 66 au 99, tena kwa masharti. Chukua hati au ofa yako uisome hadi mwisho, maana wengi huishia kwenye jina na namba ya kiwanja. Utakuta imetajwa aina ya matumizi, na utakuta sharti la kupeleka michoro ya jengo kwa mamlaka ya upangaji. Kwa hiyo hati hiyo hiyo unayoitegemea ndiyo inayokutuma ukaombe kibali. Kwa mkazi wa Tanga mamlaka hiyo ni Halmashauri ya Jiji, na nguvu yake inatoka katika Sheria ya Mipango Miji ya 2007.

Michoro ikifika pale haiangaliwi na mtu mmoja. Afisa ardhi anathibitisha umiliki. Afisa mipango miji anatazama kama jengo linaendana na matumizi ya eneo, na kama umeacha nafasi inayotakiwa mbele, nyuma na ubavuni. Mhandisi anaangalia msingi, nguzo na mihimili. Jengo la ghorofa au la kukusanya watu linapita pia kwa Zimamoto. Afisa afya naye anauliza yale ambayo fundi wengi hawayaulizi: shimo la choo litakaa wapi, maji ya bafuni yataelekea wapi, kila chumba cha kulala kina dirisha linaloingiza hewa? Hapo pa shimo napenda tutilie maanani. Kiwanja ni kidogo, jirani ana kisima uani, na wewe unataka shimo lako likae pembeni mwa ukuta wake. Kosa hilo likigunduliwa kwenye karatasi, linafutwa na kuchorwa upya siku hiyo hiyo. Likigunduliwa baada ya kuchimba na kujengea, linakuwa ugomvi wa miaka, na maji wanayokunywa watoto wa jirani yanakuwa hatarini.

"Mwenyekiti wa mtaa amenigongea muhuri."

Mwenyekiti anakufahamu, anaweza kushuhudia mauziano na kukuandikia barua ya utambulisho, na barua hiyo inaweza kukusaidia katika maombi yako. Mamlaka ya kuruhusu ujenzi hana. Mtendaji wa kata hana vilevile.

"LUKU inakata kodi ya jengo kila mwezi, basi serikali inaitambua nyumba yangu."

Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia ununuzi wa umeme. Kodi hiyo inafuata mita, haiulizi kama nyumba ilipewa kibali. Unaweza kuilipa miaka kumi bila kukosa, na bado ukaandikiwa notisi kwa sababu nyumba imesimama ndani ya hifadhi ya barabara. Bili ya maji na barua ya kuunganishiwa umeme nazo ni hivyo hivyo.

"Kibali ni cha wenye maghorofa."

Laiti ingekuwa hivyo, mitaa yetu isingekuwa na vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kupita. Nyumba ya vyumba viwili inahitaji kibali. Ukuta wa kuzungushia kiwanja unahitaji. Vyumba vya uani vya kupangisha vinahitaji, na kuongeza ghorofa juu ya nyumba ya zamani kunahitaji zaidi ya vyote, kwa kuwa msingi ule haukukusudiwa kubeba uzito huo.

Halafu kuna fremu. Mzee kastaafu, ana nyumba yake Ngamiani au Makorora, anaona barabara imechangamka. Anavunja baraza, anasogeza ukuta mbele, anatoa fremu tatu za maduka. Ndani ya hatua hiyo moja kuna mambo mawili yanayohitaji ruhusa: kuongeza jengo na kubadilisha matumizi kutoka makazi kwenda makazi na biashara. Simlaumu mzee huyo hata kidogo, kwani fremu ndizo pensheni ya wengi. Ila ni afadhali aanze na ombi la kubadilisha matumizi, kwa sababu fremu iliyojengwa juu ya mtaro wa maji ya mvua itabomolewa na mpangaji wake atadai kodi yake arudishiwe.

"Ramani nimeshanunua, ni ile ile aliyojengea shemeji Dodoma."

Ramani nzuri ya Dodoma yaweza kuwa mbaya Tanga. Hapa joto la pwani ni zito na hewa ina chumvi, na pepo za kusi na kaskazi ndizo zinazopoza nyumba zikipatiwa madirisha upande unaofaa. Zaidi ya hayo, ofisi haipokei picha ya nyumba. Inapokea michoro ya nyumba hiyo ndani ya kiwanja hicho: namba ya kiwanja, mipaka, umbali wa jengo kutoka kila mpaka, matumizi, sakafu, misingi, paa, sura za pande zote, mkato wa jengo, pamoja na jina la aliyechora. Wabunifu majengo wanasajiliwa na bodi yao, wahandisi na yao, makandarasi na yao. Kwa ghorofa utahitaji na michoro ya mhandisi ya nondo na zege. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Hesabu za mhandisi zipo ili jambo kama hilo lisitokee.

Kabla hata ya kumlipa mchoraji, mwite mpima akuonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja chako. Kuna watu wamepata kibali halali kabisa, kisha wakajenga kwenye kiwanja cha jirani.

"Jenga kwanza, faini utalipa baadaye."

Ushauri huu hutolewa na mtu ambaye nyumba si yake. Halmashauri inaweza kusimamisha ujenzi na kuamuru ubomoe kwa gharama zako. Na yapo maeneo ambayo faini haiyasafishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ukingo wa mto. Anayenunua "kiwanja cha ufukweni" kuelekea Sahare au Mwambani ashike kwanza futi kamba, ndipo ashike pochi. Barabara nazo, Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Anayejenga kandokando ya barabara ya Pangani au ya Horohoro lazima ajue namba hiyo. Ikiwa kiwanja kinapakana na barabara ya mtaa, waulize TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini.

"Bila kumpoza mtu, faili halitembei."

Vishoka wanaishi kwa maneno haya. Malipo ya serikali yanalipwa kwa namba ya malipo unayopewa, benki au kwa simu, na stakabadhi inabaki na jina lako. Anayetaka fedha mkononi au kwenye namba yake binafsi, usimpe. Faili nyingi zinazokwama zimekwama kwa sababu za kawaida: kodi ya ardhi haijalipwa, jina kwenye hati ni la marehemu baba na mirathi haijafunguliwa, au mchoro hauonyeshi shimo la choo. Mambo hayo matatu unaweza kuyakagua mwenyewe ukiwa nyumbani.

"Kibali kimetoka, tumemalizana na ofisi."

Kibali kina ukomo wake na kinahusu jengo lililochorwa, si jingine. Ukibadilisha mpango katikati, rudi na mchoro mpya. Weka nakala ya kibali na michoro pale saiti, na mwambie fundi asifukie msingi kabla mkaguzi wa majengo hajauona, maana nondo zikishafunikwa na zege hakuna wa kuzihesabu. Nyumba ikikamilika unaomba idhini ya kuitumia, na ukaguzi wa mwisho unafanyika hapo.

Na aliyekwisha jenga bila kibali afanyeje? Aende ofisini kabla notisi haijamfikia, na karatasi zote za umiliki alizonazo pamoja na mchoro wa nyumba kama ilivyo sasa. Kama eneo ni la makazi na jengo halijaingia barabarani, ufukweni wala kwa jirani, yapo mazungumzo ya kulihalalisha. Kama mtaa wake haujapimwa, aulizie urasimishaji, yaani kupangwa na kupimwa kwa mtaa uliokwisha jengwa, na leseni ya makazi, tena aulizie pamoja na majirani, kwani njia ya kupita gari haiwezi kuachwa na mtu mmoja peke yake.