Je, wajua? Ukifilisika, mdhamini wako bado anadaiwa

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu akitangazwa na mahakama kuwa amefilisika, deni lake hufa kabisa na hakuna wa kudaiwa tena. Wengi bado wanaamini hivyo. Ni imani hatari, kwa sababu anayeumia si aliyekopa peke yake: ni shemeji, rafiki au mwanachama mwenzake wa sacco aliyemtilia saini.

Nchini Kenya msingi wa jambo hili ni Sheria ya Ufilisi ya 2015. Mdaiwa anaweza kujipeleka mwenyewe Mahakama Kuu kuomba amri ya kufilisika, na kwa kawaida huachiliwa kutoka kwenye madeni yake miaka 3 baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yake. Asiye na mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa, mwenye madeni ya kati ya shilingi 100,000 na 400,000, ana njia fupi ya miezi 12, mradi hajawahi kuipitia wala kufilisika.

Lakini kinachofutwa ni wajibu wako wewe wa kulipa. Sheria haimwachilii mshirika wako wa biashara, mliyekopa pamoja, wala mdhamini wako.

Fikiria mashua iliyotiwa nanga mbili. Mashua ni fedha za mkopeshaji. Nanga moja ni wewe, ya pili ni mdhamini. Kwa nini nahodha alitia ya pili? Kwa sababu alihofia dhoruba itakayoing'oa ile ya kwanza. Kufilisika kwako ndiyo dhoruba yenyewe. Kama sheria ingeing'oa nanga ya pili saa ile ile ya kwanza inaposhindwa, isingekuwa na kazi tangu mwanzo, na mtu asiye na hati ya shamba asingepata mkopo popote. Shamba likiwekwa rehani, hilo nalo ni nanga: benki inaweza kuliuza hata baada ya amri ya kufilisika.

Kwenye sacco uzito wa nanga hiyo ni akiba ya wenzako. Kila mdhamini huweka akiba yake nyuma ya mkopo wako, na usipolipa inaweza kukatwa. Anabanwa kiasi gani? Hilo hutegemea maneno ya fomu aliyotia saini: wengine hudhamini kiasi maalumu, wengine mkopo mzima pamoja na riba. Aliyelipa kwa niaba yako anaweza kudai kwenye mali yako, lakini atapanga foleni na wadai wengine.

Kwa hiyo kabla ya kwenda mahakamani, andika madeni yako yote na utie alama yale yenye wadhamini, kisha uwaambie wahusika uso kwa uso. Usikimbilie kuyalipa hayo peke yake kwa siri, wala kumwandikia ndugu shamba lako: malipo ya kumpendelea mdai mmoja na mali iliyohamishwa hivyo vinaweza kubatilishwa. Kama bado una mshahara, muulize wakili kwanza kuhusu mapatano na wadai, ambayo sheria hiyo hiyo inayaruhusu. Wadai wakikubali ulipe kidogo kidogo, wadhamini washirikishwe mapema na nafasi yao iandikwe ndani ya mapatano.