Mrundikano wa vitu nyumbani: usiamue chochote usiku

Mama mmoja alinionyesha meza yake ya chakula. Juu yake palikuwa na soksi moja ya mtoto, barua ya shule iliyokunjwa, betri mbili na gari la plastiki lililong'oka gurudumu. "Nikiiangalia hii meza natamani kulia," akaniambia.

Vitu vichache tu, ila kila kimoja kinamdai jibu. Soksi ya pili iko wapi? Barua nimeijibu? Betri hizi nzima au zimekwisha? Gari nikilitupa, mtoto hatalia? Kazini ametoka, amepika, ameogesha watoto. Hayo majibu atayatoa wapi?

Kati ya 2001 na 2005, watafiti wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, walizichunguza familia 32 majumbani mwao. Akina mama walioieleza nyumba yao kuwa imejaa vitu na viporo vya kazi, kortisoli yao, homoni ya msongo, haikushuka ipasavyo kadiri siku ilivyosonga. Kwa hiyo mzazi akiniambia vitu vinamuumiza, namwamini.

Ninachowashauri ni kapu moja. Usiku kila kinachokutatiza kitie humo bila kukifikiria, meza ibaki tupu, ukalale. Lifungue asubuhi ya siku ya mapumziko, dakika 15, akili ikiwa imetulia. Yule mama alipolifungua lake, mwanawe alilichukua lile gari akatangaza kuwa sasa ni boti. Halikutupwa, na sawa kabisa.

Nguo zilizombana mtoto ziwe na mfuko wake kabatini: siku unayomvua shati kwa shida, litie humo papo hapo, lisirudi kwenye kufuliwa.

Vitu vya kuchezea navyo vipunguze sakafuni. Utafiti uliochapishwa 2018 uliwapa watoto wadogo 36 vitu vya kuchezea, safari moja vitu 4, safari nyingine vitu 16. Vilipokuwa 4, walicheza na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na kwa namna nyingi zaidi. Vingine viweke kwenye boksi juu ya kabati, ubadilishe baada ya wiki chache. Watavipokea kama vipya.

Na kama una kichanga, hulali, hata kapu limekushinda, liache. Safisha njia ya kutoka kitandani hadi mlangoni tu, usije ukajikwaa gizani umembeba mtoto.