Kuahirisha kazi kubwa: maswali na majibu

Nilipewa mwezi mmoja kuandika ripoti. Kila nikikaa kuiandika najikuta nafanya mengine. Je, mimi ni mvivu?

Sidhani. Mvivu hutulia, lakini anayeahirisha hana raha. Anafungua faili, anaandika kichwa cha ripoti, anazikoleza herufi, kisha anakumbuka kwamba droo ya meza haijapangwa siku nyingi. Nusu saa baadaye droo iko safi na ukurasa bado mweupe. Huyo amefanya kazi, tena kwa bidii. Anachokikimbia ni hisia inayokuja na ile ripoti: hofu ya kukosea, kutojua pa kuanzia, au kuchoshwa nayo tu.

Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walilieleza hivyo mwaka 2013: tunaahirisha ili tupate nafuu ya sasa hivi, na gharama tunaisukumia kesho. Nafuu hiyo tunaipata kweli, na ndiyo inayoifanya tabia iote mizizi.

Mbona kazi ndogo namaliza upesi?

Kwa sababu unajua mkono uanze wapi. "Kujibu barua" ni tendo. "Kuandika ripoti" ni rundo la matendo ambayo hujayatenganisha. Isitoshe, binadamu hukadiria vibaya muda wa kazi yake mwenyewe, jambo ambalo Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza tangu 1979. Ukiona mwezi mzima uko mbele, unaamini unatosha na kubaki.

Inaweza kuniathiri kiafya?

Ndiyo. Mwaka 1997 Dianne Tice na Roy Baumeister walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo kikuu. Mwanzoni mwa muhula, wenye tabia ya kuahirisha walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao. Mwishoni mambo yaligeuka: msongo zaidi, maradhi zaidi, na alama za chini. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wakati mwingine matumbo yenyewe hasa. Usingizi nao hupungua, na akili isiyolala huiona kazi ileile kuwa kubwa zaidi.

Nianze vipi?

Leo jioni andika kwenye karatasi tendo moja tu la kesho, pamoja na wakati wake: "Saa tatu asubuhi, nikishakaa mezani, nitafungua jedwali la mauzo na kuandika sentensi mbili juu ya mwezi wa kwanza." Mtafiti Peter Gollwitzer amelichunguza kwa miaka mingi tendo la namna hii, lililofungwa kwenye saa na mahali, na akaona lina nafasi kubwa zaidi ya kutendeka kuliko nia ya jumla. Sentensi zikiwa mbaya, ziache zilivyo. Simu iweke chumba kingine. Ukimaliza, andika tendo la siku inayofuata kabla hujainuka, usije ukaanza tena bila kujua pa kushika. Kwangu mimi hili la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote.

Nimeshapoteza wiki tatu, imebaki moja. Najichukia.

Pole. Lakini kujichukia kunaongeza ile hisia unayoikimbia. Mwaka 2010 Michael Wohl na wenzake waliona kwamba wanafunzi waliojisamehe kwa kuahirisha kujiandaa na mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kwa ule uliofuata. Jisamehe, kisha mwone msimamizi wako leo, umweleze ulipofika na sehemu ipi unaweza kumpa kwanza.

Nimwone mtaalamu lini?

Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi umekosa furaha hata kwa mambo uliyoyapenda, usingizi na hamu ya kula vimebadilika, huenda ni sonona. Kama tangu utotoni hujawahi kutulia na jambo moja, unasahau na kupoteza vitu, mweleze daktari hilo pia, kwani lina vipimo na tiba yake. Na ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, usisubiri miadi. Tafuta msaada siku hiyohiyo.