Mistari 66 au 70: faili la fomati linapokosana na karatasi

Wiki mbili zilizopita karani wa ghala moja la dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, alinipigia simu kabla ya saa mbili asubuhi. "Fundi, maandishi yanashuka." Hati ya mzigo ya kwanza ilitoka sawa, ya pili uzito ukaangukia chini ya kisanduku chake, na ya nne uzito ukakaa mahali pa sahihi ya dereva. Lori lilikuwa nje, magunia yameshapakiwa.

"Dada, nani kaingia kwenye menyu ya fomati?"

Akanyamaza kidogo. "Mimi. Niliambiwa A4 ni mistari 70."

Aliyemwambia hakukosea kuhusu A4. Ina urefu wa inchi 11.7 hivi, na kwa mistari 6 kwa inchi, ukurasa mzima unabeba mistari 70. Ila printa yake ni ya pini, ile inayochapa kwa kugonga utepe wa wino, na inakula karatasi ya mfululizo yenye matundu pembeni, nakala tatu kwa pamoja. Hiyo ni inchi 11, yaani mistari 66. Faili la fomati, lile linaloieleza printa hati ikae vipi kwenye karatasi, likisema 70, printa inavuka mistari 4 zaidi kila hati inapoisha, karibu sentimita 1.7. Ndiyo maana hati ya kwanza haionyeshi kosa lolote, na hati ya nne imeshashuka mistari 12, inchi 2 nzima.

Faili la fomati halibebi uzito wala jina la mteja. Linabeba maelekezo tu: uzito uchapwe mstari wa ngapi, uanzie safu ya ngapi, upewe nafasi ya herufi ngapi. Juu yake kuna namba za kuiamuru printa. Kwenye printa za Epson na zinazofuata lugha yake, 27 64 inairudisha printa kwenye hali yake ya mwanzo, 27 50 inaweka mistari 6 kwa inchi, 27 48 inaweka 8, na 27 67 ikifuatwa na 66 inatangaza urefu wa ukurasa.

Mpangilio wa namba hizo una uzito sana. Urefu wa ukurasa hupimwa kwa nafasi ya mistari iliyopo wakati huo. Ukitanguliza 27 48 halafu ukatangaza mistari 66, umeiambia printa kwamba karatasi ina inchi 8.25. Nimewahi kupoteza siku nzima kwa kosa hili, nikibadilisha printa na waya, kumbe namba mbili zimepishana.

Sasa menyu yenyewe. Kwenye mfumo wa ghala lile ukiingia sehemu ya fomati unakuta kuongeza, kunakili, kubadilisha, kujaribu na kufuta. Naomba sana: usiguse kubadilisha kwenye fomati inayotumika. Nakili kwanza, ipe nakala jina linalotaja hati na karatasi, mfano MZIGO66, fanya kazi yako humo, jaribu, ndipo uielekeze hati kwenye fomati mpya. Ile ya zamani iache ikae angalau mwezi. Na kabla ya kufuta chochote hakikisha hakuna hati nyingine inayoitumia. Fomati moja mara nyingi inabeba ankara na risiti kwa pamoja.

Upana wa nafasi za fedha nao uangaliwe. Shilingi 950,000 ni herufi 7, lakini 12,500,000 ni herufi 10 pamoja na mikato. Aliyepanga fomati siku biashara ilipokuwa ndogo aliacha nafasi 9, na siku mzigo mkubwa unapotoka, tarakimu moja inakatwa. Hilo linanitisha kuliko maandishi kushuka, kwa sababu karatasi inaonekana safi kabisa na kiasi ni cha uongo.

Kama kwenye namba za kuiamuru printa umetumia 15 kubana herufi ili jina refu la mteja litoshe, funga kwa 18, la sivyo hati inayofuata nayo itatoka imebanwa.

Karani alikuwa pia amezungusha roli kwa mkono printa ikiwa imewaka, akijaribu kuirudisha karatasi juu. Printa haijui kwamba umeisogeza. Inaendelea kuhesabu ilipoishia. Nikamwambia aizime, apange ukingo wa karatasi, aiwashe tena. Tukanakili fomati, tukaandika 66, tukachapa hati tano mfululizo kwenye karatasi tupu, maana hati moja haithibitishi kitu hapa. Akazilaza moja moja juu ya fomu yenye visanduku, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Ya tano uzito ulikaa ndani ya kisanduku chake. Akapachika karatasi za nakala tatu.