Mwalimu, siku 21 zimeisha na bado sijazoea

Jumamosi iliyopita, tukimalizia kikao cha kikundi huku Uyole, Mbeya, dada mmoja alisubiri wenzake watoke ndipo akanisogelea. Akafungua pochi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Visanduku 21 vimechorwa kwa rula, vyote vimepigwa tiki kwa peni nyekundu.

"Mwalimu, nimeandika mauzo siku zote 21, sikuruka hata moja. Siku ya 22 nikasahau. Ya 23 nikasahau. Kwani mimi nina shida gani?"

Huna shida yoyote, dada yangu. Mwenye shida ni aliyekuambia kwamba ukifanya jambo siku 21 mfululizo utakuwa umelizoea. Nimelisikia swali hili kwa miaka, nimelijibu nikiwa nimesimama, nimelijibu kwenye daladala, nimelijibu kwa meseji saa tano usiku. Leo naliandika liishe, na atakayeniuliza tena nitamtumia hapa.

Kabla hamjaanza kumsaka aliyemdanganya, nikiri kwamba miaka ya mwanzo hata mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipoanza kufundisha vikundi vya kuweka na kukopa nilikabidhiwa mwongozo wenye visanduku hivyohivyo, nikavigawa kuanzia Igawilo hadi Makambako bila kujiuliza vimetoka wapi. Kwa hiyo huenda karatasi ile ya dada ni kitukuu cha karatasi yangu mwenyewe.

Vilikotoka ni huku. Kulikuwa na daktari wa upasuaji Marekani, Maxwell Maltz, aliyekuwa akirekebisha sura za watu. Mwaka 1960 alitoa kitabu, na ndani yake akaeleza kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya wanayoiona kwenye kioo. Angalau. Hivi. Maneno hayo mawili yaliangukia njiani, ikabaki 21 peke yake kama amri. Halafu tazama alikuwa anazungumzia nini: pua! Pua mpya haikudai chochote. Unalala nayo, unaamka nayo, ukisahau bado ipo. Daftari la mauzo ukilisahau halijiandiki.

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London. Watu 96, siku 84. Kila mmoja alichagua jambo dogo la kula, kunywa au mazoezi ya mwili, akalifanya kila siku baada ya tukio lilelile, mathalani kunywa glasi ya maji baada ya kifungua kinywa. Mtu wa katikati alifikia kulifanya bila kulifikiria baada ya siku 66. Wa haraka kabisa 18, wa mbali kabisa 254.

Unajua kilichofuata? Watu wameitupa 21, wameishika 66. Sasa naletewa visanduku 66.

Jamani. Siku 254 kwenye utafiti uliokwisha siku ya 84 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye hesabu. Watafiti walichora mstari wa jinsi mazoea yanavyopanda, wakauendeleza mbele kuona ungefika lini kileleni. Na mstari huo ulikaa vizuri kwa watu 39 tu. Wengine ulipinda, wengine haukukaa kabisa. Siwalaumu watafiti, waliyaandika yote wazi. Ninaowalaumu ni wale wanaochukua namba ya katikati ya vijana wa chuo waliokuwa wakinywa maji jijini London, wakamvika mama anayeuza viazi Isyonje. Utafiti ule kwangu una mambo mawili ya kubaki nayo: mazoezi ya mwili yalichukua kama mara moja na nusu ya muda wa kula na kunywa, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Namba zenyewe ziacheni.

Sasa mnivumilie, maana nimefika panaponiuma.

Neno lenyewe tumelikosea. Wahamasishaji wetu wanasema "jenga tabia". Lakini Mswahili akikunong'oneza kwamba binti fulani ana katabia, hakuambii kwamba anapiga mswaki kila asubuhi. Amemsema. Tabia kwetu ndiyo inayoulizwa posa ikiletwa. Ndiyo inayoandikwa kwenye ripoti ya mtoto, pembeni mwa alama za hesabu. Ni utu wa mtu. Kwa hiyo mwanamke akiambiwa ajenge tabia ya kuandika mauzo, akasahau siku mbili, anachosikia ni kwamba yeye ndiye mbovu. Rudia swali la yule dada: "Mimi nina shida gani?" Hakuuliza daftari lake liko wapi wakati anasahau, hakuuliza huwa anashika nini mkononi saa hizo. Alijiuliza yeye. Na mwenye aibu hafungui daftari, analisukumia chini ya godoro. Nimeyaona madaftari hayo. Kurasa tatu za mwanzo zimeandikwa mwandiko wa kupendeza, zilizobaki nyeupe pe.

Neno tulilonalo siku zote ni mazoea. (Najua, mtaani ukiambiwa "usinizoee" ni ugomvi, lakini tuliache hilo.) Mazoea hayana dhambi wala thawabu. Ukihamia nyumba nyingine, wiki nzima usiku unapapasa swichi ya taa upande usio wenyewe. Nani atasema mkono wako hauna nidhamu? Wahenga walisema mazoea yana taabu, hawakusema yana laana. Nilipoanza kusema "zoea" badala ya "tabia" kwenye vikundi, watu walianza kuniambia ukweli kuhusu siku walizoruka. Hilo peke yake lilikuwa na faida kwangu kuliko mwongozo mzima.

Basi, zoea linashikwa na nini? Kwenye vikundi vyangu tunasema linatundikwa kwenye msumari. Msumari ni jambo ambalo tayari unalifanya, lililoko palepale ulipo, linalotangulia lile unalotaka kulizoea. Wengi huwa wanachagua saa. Saa haitundikiki kitu. Saa mbili usiku inapita kama hewa, wewe uko jikoni, mtoto analilia madaftari yake, umeme umekatika.

Kuna mama mmoja anauza mchele Mwanjelwa, wa Kyela upande huu na wa Usangu upande ule. Alikuwa ameweka saa mbili usiku aandike mauzo nyumbani. Mwezi mzima akashindwa. Nikaenda nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki tangu saa tisa hadi anafunga, nikimtazama tu mikono. Akifunga anafanya hivi: anazoa mchele uliomwagika, anakunja midomo ya magunia, anatandaza turubai, anavuta kamba. Kila siku hivyohivyo, huku anaongea na jirani, hata haangalii. Nikamwambia, msumari wako ni turubai. Ukishalitandaza, kabla hujavuta kamba, andika mistari mitatu: umeuza ngapi, umenunua ngapi, umechukua ngapi mwenyewe. Daftari tukalifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza, peni nayo uzi wake, maana peni sokoni haina mwenyewe.

Ikashika. Aliandika amesimama, vidole vyeupe kwa vumbi la mchele, herufi zimelala. Mstari wa tatu ndio uliomshtua. Elfu mbili ya mboga, elfu ya nauli ya mtoto, elfu tatu ya mchango wa msiba, zote alikuwa akizichota kwenye mfuko wa aproni bila kuzihesabu kuwa hela.

Nikawa natamba naye kwenye semina. Ikaja Novemba, mvua zikaanza. Mbeya mvua ikianza turubai linatandazwa saa saba, linafunuliwa saa nane, linatandazwa tena saa tisa na nusu. Mama wa watu akawa anaandika mauzo ya siku saa saba mchana, au haandiki kabisa kwa sababu mikono imelowa na mteja amejibanza chini ya mwavuli. Desemba daftari likafa. Kosa langu. Nilichagua msumari unaotokea mara moja kwa siku wakati wa kiangazi tu. Tulihamia kwenye mizani. Yeye huiondoa mezani mara moja tu, akifunga, kwa kuogopa wezi. Sasa daftari linakaa chini ya mizani. Haiinui bila kuliona.

Hili halimo kwenye mwongozo wowote niliowahi kupewa, na kwa nyanda zetu hizi ndilo jambo lenyewe. Maisha yetu yana misimu. Zoea ulilolijenga Agosti, Desemba linakuta uko shambani tangu asubuhi. Kwa hiyo mtu akiniambia "nilikuwa nimezoea kabisa halafu ikapotea", swali langu la kwanza ni ilikuwa mwezi gani.

Kuhusu kuamka saa kumi alfajiri nitasema kidogo, maana nikisema sana nitatukana. Kila anayeshika kipaza sauti anatuambia matajiri huamka saa kumi. Juni na Julai, Uyole, saa kumi! Wafugaji wa Rungwe wanaamka kabla ya jua kwa sababu ng'ombe mwenye kiwele kilichojaa hasubiri. Huo ni msumari mzuri sana, una pembe na unapiga kelele. Wewe usiye na ng'ombe unaamka umfuate nani? Utakaa kitandani na blanketi mabegani ukitazama simu, saa nne asubuhi dukani unasinzia juu ya kaunta. Kama kuamka mapema kungetosha, wapakua ndizi wangekuwa wametuajiri sote. Lala.

Kengele ya simu inasaidia wiki ya kwanza, baadaye kidole kinazoea kuizima. Hilo nalo ni zoea.

Kukaguliwa na wenzako kikundini kunasaidia pia, lakini tusichanganye. Mtu anayeandika kwa sababu Jumamosi daftari litatazamwa, huyo ameogopa, hajazoea. Tukigawana hela mwisho wa mzunguko na kikao kikasimama, daftari nalo linasimama. Naruhusu woga uanze kazi, ila uwe na mrithi.

Jambo moja zaidi, maana linawavunja moyo watu wazuri. Mnaambiwa kitu kikishakuwa mazoea hakihitaji nguvu tena. Si kweli kwa kazi yenye kufikiri. Kuinua mizani na kuvuta daftari, hilo linazoeleka kabisa, mkono unakwenda wenyewe. Kujumlisha mauzo ya gunia mbili zenye bei tofauti na wateja wawili waliokopa hakutazoeleka hata ufanye miaka kumi. Kinachozoeleka ni kuanza. Kwa hiyo ukijikuta mwezi wa sita bado unakuna kichwa juu ya hesabu, hujashindwa. Ungekuwa hukuni kichwa, ningekuwa na wasiwasi na hesabu zako.

Sasa mashaka yangu. Wanaonipigia simu kunishukuru ni wale waliofanikiwa. Walioacha wananikwepa hata sokoni, wanavuka barabara, kwa hiyo picha niliyonayo imeegemea upande mmoja. Pia nimewahi kumfundisha baba mmoja wa mbao Mafinga ambaye hajawahi kuandika mstari hata mmoja, kila kitu anakiweka kichwani, na biashara yake imekua kuliko ya wanafunzi wangu wote wa mwaka ule. Nilipomuuliza alicheka tu. Sijui nimweke wapi. Na wapo ambao siku yao si yao: dada wa kazi, kibarua anayeitwa leo asiitwe kesho. Ukimwambia atafute jambo analolifanya kila siku mahali palepale, anakutazama. Kwao mbinu yangu inachechemea, na siwezi kuwaambia wakazane zaidi.

Yule dada wa visanduku tulikaa naye kama nusu saa. Anauza vitumbua asubuhi, amemaliza saa tatu. Nikamuuliza kitu cha mwisho anachofanya kabla hajaondoka kijiweni. Akafikiri, akasema anamwaga maji na kugeuza kikaango juu chini kwenye ndoo. Mvua na jua? Mvua na jua. Mara moja tu? Mara moja. Daftari analifunga kwenye mfuko wa nailoni, anaweka ndani ya ndoo hiyohiyo. Karatasi ya visanduku akaniachia. Nimeibandika ukutani hapa ofisini.

Na mimi? Blogu hii ilikuwa itoke kila Jumapili nikitoka ibadani. Msumari mbovu kuliko yote, maana ibada yetu kuna siku inaisha saa tano na kuna siku ya harambee inafika saa nane. Ndiyo maana tangu Machi hamkuona kitu. Nimeihamishia Jumatatu, nikishabandika birika la chai ofisini. Leo ni Jumatatu ya kwanza. Mkaa ulikuwa na unyevu, nimepata muda wa kutosha. Sasa hivi ndiyo maji yanaanza kuchemka.